Tiba za Asili za Moyo Kwenda Mbio

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, karibu mara 100,000 kwa siku, na mwenyewe hana habari nao. Siku anapoanza kuusikia ndipo husema unamwenda mbio, unadunda, unagonga kifuani, unaruka, unashtuka. Maneno haya hutumiwa kama yana maana moja, lakini daktari huyatenganisha. Anayesema moyo "umeruka" kwa kawaida ana pigo la ziada: pigo moja limewahi kabla ya zamu yake, likafuatwa na kimya kifupi, na katika kimya hicho chumba cha chini cha moyo kikajaa damu kuliko kawaida. Pigo linalofuata huisukuma damu yote hiyo kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachomshtua mtu kitandani. Anayesema mbio zilianza ghafla, zikafika 160 au 200 kwa dakika, kisha zikakatika ghafla vilevile, mara nyingi ana njia ya pembeni ya umeme ndani ya moyo, na umeme umenaswa ukizunguka palepale. Anayesema mapigo yalipanda taratibu na kushuka taratibu aghlabu ana moyo mzima unaoitikia homa, hofu, kiu au upungufu wa damu. Na anayesema mapigo hayana mpango kabisa, mawili, kimya, matano, huenda vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka badala ya kukaza.

Lugha yenyewe huongeza ugumu. Moyo kwa Waswahili ni kiungo na pia makao ya woga na hamu, na kijana anayesubiri kuitwa kwenye usaili husema moyo unamwenda mbio bila kuumwa chochote. Tena mitaani tatizo hili huingizwa kwenye kapu moja na presha, na mgonjwa huanza kuletewa majani ya kushusha presha. Shinikizo la damu na mwendo wa mapigo ni vitu viwili. Aliyeharisha tangu asubuhi anaweza kuwa na mapigo 130 huku shinikizo lake likiwa chini kabisa. Huyo akinyweshwa kitu cha kushusha presha, anasukumwa kwenye kuzimia. Alichohitaji ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Tabia moja ya tatizo hili huharibu ushahidi mwingi kuhusu tiba zake: mara nyingi hukoma lenyewe. Mapigo ya ziada husumbua wiki nzima, kisha yakapotea mwezi mzima. Mtu hatafuti dawa siku nzuri, hutafuta siku mbaya kuliko zote, na baada ya siku kama hiyo hufuata nafuu hata asipokunywa kitu. Kikombe cha mchaichai, kijiko cha habasoda kwa asali, maji ya mdalasini: chochote kilichonywewa mwisho ndicho huondoka na sifa. Jirani anayeshuhudia hadanganyi, ila ushuhuda wake hauwezi kuitenga dawa na wakati. Kikombe nacho si bure kabisa. Kuketi, kushika kitu cha moto na kunywa polepole huipunguza adrenalini, na mapigo hushuka pamoja nayo. Hapo kilichotibu ni kule kuketi.

Kwa hiyo tiba ya asili yenye nguvu kuliko zote ni kuondoa kinachouchochea moyo, na hiyo haiuzwi popote. Kahawa ndiyo hushtakiwa kwanza. Pwani, muuza kahawa hupita na birika lake akigonganisha vikombe, na aliyekaa barazani tangu alasiri hadi isha hufikisha vikombe sita vidogo pamoja na kashata zake bila kuhesabu. Je, hicho ndicho kinachomwamsha usiku? Utafiti uliofanyika San Francisco na kuchapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu wazima 100 kwa siku 14, kila mmoja akiambiwa siku kwa siku anywe kahawa au aache, huku mashine ndogo vifuani ikirekodi kila pigo. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Ya vyumba vya chini yaliongezeka kidogo, wastani wa 154 kwa siku ikilinganishwa na 102. Usingizi ulipungua kwa dakika 36, na pengine hapo ndipo lawama yenyewe ilipo, maana kukosa usingizi huuchokoza moyo siku ya pili. Mtu mzima mwenye afya huvumilia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito hushauriwa asivuke 200. Watu hutofautiana lakini, na jaribio la nyumbani ni rahisi: wiki mbili bila kahawa, wiki mbili nayo, na daftari la kuandika kila mshtuko.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinastahili shaka zaidi kuliko kahawa. Kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na madereva wa bodaboda na wanafunzi wa mitihani hunywa makopo matatu mfululizo, baridi, kwa haraka, tumbo likiwa tupu. Mirungi iko mbali zaidi. Katinoni iliyo ndani ya majani yale ni ndugu wa amfetamini, hupandisha mapigo na shinikizo kwa pamoja, na hubana mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kenya inailima kihalali Meru, Tanzania inaikamata kama dawa ya kulevya, moyo hautofautishi. Mtafunaji anayelalamikia mapigo yake usiku na kuuliza jani la kuyatuliza anatafuta jani la pili la kupigana na la kwanza.

Kati ya vichochezi, pombe ina ushahidi ulio wazi kuliko vyote. Madaktari wa Australia waliwachukua wanywaji 140 wenye mtetemo wa vyumba vya juu, nusu wakaombwa waache kabisa, nusu wakaendelea. Katika miezi sita, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanavyoonyesha, tatizo lilirudi kwa asilimia 53 ya walioacha na asilimia 73 ya walioendelea. Ni dawa chache za asili zinazoweza kuonyesha tofauti ya namna hiyo. Uzito nao ni hivyo: mnene mwenye mtetemo huo akipunguza sehemu ya kumi ya uzito wake na kuudumisha, mashambulizi hupungua sana.

Baadhi ya vichochezi hukaa kwenye kabati la dawa. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, pampu ya pumu ya salbutamoli ikipulizwa kupita kiasi, hata kwinini, vyote huugusa mwendo wa moyo. Lakini kichochezi cha kuchukiza zaidi ni kile kinachouzwa kama tiba ya asili. Efedra, mmea wa Kichina wa kupunguza uzito, ulipigwa marufuku katika virutubisho nchini Marekani mwaka 2004 baada ya watu kupata mashambulizi ya moyo na kiharusi. Sibutramini, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuuhatarisha moyo, imeendelea kukutwa na wakaguzi ndani ya vidonge na chai za kupunguza tumbo zilizoandikwa "asili tupu". Dawa za nguvu za kiume zinazodaiwa kuwa za mizizi nazo zimekutwa mara nyingi na sildenafili. Moyo ukianza mbio wiki ileile kifurushi kipya kilipofunguliwa, kifurushi ndicho cha kwanza kuhojiwa.

Kundi la pili la sababu ni moyo kufanya kazi ya ziada kwa sababu ya upungufu mahali pengine, na Afrika Mashariki kundi hili ni kubwa. Damu ikipungua, moyo huizungusha iliyopo kwa kasi zaidi. Wazee walilijua jambo hili kwa jina la safura, ugonjwa wa minyoo inayofyonza damu matumboni: mgonjwa hupauka viganja, hula udongo, na hupanda ngazi chache moyo ukimdunda. Mjamzito ana sababu mbili kwa mpigo mmoja, kwani ujazo wa damu yake huongezeka karibu kwa nusu wakati chuma kinagawanywa kwa wawili. Tiba ya chakula hapa inatibu kwelikweli, mradi ifanywe kwa akili. Maini, nyama na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Kisamvu, mchicha na maharage hutoa chuma kigumu zaidi, ambacho hulainishwa na ndimu iliyokamuliwa juu yake. Chai ya rangi ikinywewa na mlo huo huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho kufyonzwa, na kuisogeza mbele kwa saa moja au mbili hakugharimu senti. Juisi ya rozela imepewa sifa ya kuongeza damu kwa sababu ya rangi yake zaidi kuliko chuma chake. Uchachu wake husaidia kufyonza chuma cha maharage. Yenyewe si damu. Na upungufu ukiwa mkubwa, chakula hakitoshi: minyoo hutolewa kwa kidonge cha albendazoli, na chuma hujazwa kwa vidonge vya miezi.

Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mbio zisizolala, mikono ikitetemeka, jasho likitoka, uzito ukishuka hali mtu anakula vizuri. Hapa desturi ya kujiongezea madini joto ili "kutibu goita" huweza kumgeukia mgonjwa. Chumvi yenye madini hayo ilipoanza kusambazwa Kivu na Zimbabwe miaka ya 1990, ilikinga watoto wengi na madhara ya upungufu, lakini baadhi ya watu wazima wenye goita za zamani walipata tezi iliyowaka ghafla, na mioyo ikaenda mbio. Mwani na vidonge vya madini joto, kwa huyu, ni kuchochea moto.

Zinabaki mbio za ghafla, zile za 160 na zaidi zinazoanza na kukatika kwa mara moja. Hapa mwili una breki yake, na kujua kuikanyaga ndiyo tiba ya asili iliyopimwa vizuri kuliko nyingine yoyote katika uchambuzi huu. Breki hiyo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni. Mtaalamu wa masikio wa Bologna, Antonio Maria Valsalva, aliandika mwaka 1704 juu ya kukaza pumzi mdomo na pua vikiwa vimefungwa. Yeye alikuwa akitafuta namna ya kuusafisha mlango wa sikio. Wa baadaye wakagundua kwamba ujanja huo huupunguza moyo mwendo. Kwa miaka mingi ulifanywa ovyo na kufaulu mara chache. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 428. Mgonjwa huketi ameegemea, huwekewa mdomoni bomba la sindano la mililita 10, na hulipuliza kwa nguvu inayotosha tu kuisogeza pistoni, kwa sekunde 15, uso ukiwiva. Papo hapo hulazwa chali na mwingine humwinua miguu kwa pembe ya nyuzi 45 kwa sekunde nyingine 15, kisha hurudishwa kuketi. Waliofanyiwa hivyo, asilimia 43 mioyo yao ilirudi kwenye mwendo wa kawaida. Waliokaza pumzi wakibaki wameketi walikuwa asilimia 17. Tofauti ni kule kulazwa na kuinuliwa miguu tu. Mtu anapokaza, damu inayorudi moyoni hupungua. Anapoachia huku miguu iko juu, damu hurudi kwa wingi mara moja, mishipa ya shingoni hulihisi ongezeko la shinikizo, vagasi hupiga breki, na mzunguko wa umeme hukatika.

Kuzamisha uso kwenye beseni la maji ya baridi sana kwa sekunde kadhaa hufanya kazi kwa neva hiyohiyo, ni majibu ya mwili wa mpiga mbizi. Kukanda mshipa wa shingo, ambako pia hutajwa, ni kazi ya daktari peke yake: kwa mzee mwenye mafuta kwenye mshipa huo, mkando mmoja waweza kung'oa kipande kikaenda ubongoni. Na mbinu hizi zote hazifai mapigo ya ziada wala mtetemo usio na mpango. Huko hakuna mzunguko wa kukata.

Kwa moyo ulioshikwa na wasiwasi, pumzi ndefu hufaa kuliko nguvu. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia na wenzake waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia maneno ya yoga; vyote viwili vilishusha pumzi hadi takriban sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na shinikizo vikaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja nayo. Kinachofanya kazi ni kasi ya pumzi, kwa hiyo anayevuta uradi polepole baada ya alfajiri na anayeshika rozari wako kwenye mwendo mmoja. Sekunde nne za kuvuta na sita za kutoa zinatosha kwa asiyesali. Yoga ya mara mbili kwa wiki nayo ilijaribiwa Kansas kwa wagonjwa 49 wenye mtetemo wa kuja na kuondoka, na mashambulizi waliyoyahisi yalipungua. Kundi hilo ni dogo, na halikulinganishwa na wengine kwa wakati mmoja. Matokeo yake yapokewe kwa kiasi hicho.

Madini ndiyo mada ambayo waganga wa vyakula huipenda zaidi, na kwa sehemu wana haki. Seli za moyo huhitaji potasiamu na magnesiamu ili kuendesha umeme wao, na aliyepungukiwa na madini hayo kwa kuharisha, kutapika au kutumia vidonge vya kukojoza hupata mapigo ya ziada. Ndizi, viazi vitamu, parachichi, mchicha na dafu hujaza potasiamu. Karanga, korosho, mbegu za maboga na dona hujaza magnesiamu. Ugali wa sembe hauleti nyingi, kwa sababu pumba na kiini, vyenye sehemu kubwa ya magnesiamu ya mahindi, vimebaki mashineni na kulishwa kuku. Ila asiyepungukiwa hapati faida ya kuongeza, na mwenye figo dhaifu, au anayetumia spironolaktoni au enalaprili, huweza kudhurika. Potasiamu ikizidi mno katika damu, moyo huweza kusimama. Madafu matatu kwa siku kwa mtu wa namna hiyo si kinywaji cha afya. Mafuta ya samaki ya vidonge nayo yamepoteza heshima: majaribio makubwa ya dozi za juu yameonyesha mtetemo wa vyumba vya juu ukiongezeka badala ya kupungua. Changu wa kuchoma hajahukumiwa.

Miti shamba ndiyo watu humaanisha hasa wanaposema tiba ya asili, na hapa pana jambo la kushangaza. Mitishamba inayotajwa kila siku kwa tatizo hili, yaani tangawizi, kitunguu saumu, habasoda, mlonge, mwarobaini na mchaichai, haina ushahidi imara kwamba hurekebisha mwendo wa moyo. Rozela ina ushahidi wa kushusha shinikizo: vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita vilishusha namba ya juu kwa wastani wa 7 katika jaribio la Marekani la mwaka 2010. Hiyo ni presha, si mapigo. Mimea inayougusa moyo kwelikweli ipo, nayo ni sumu.

William Withering wa Birmingham alichapisha mwaka 1785 habari za digitali, ua aliloanza kulichunguza baada ya kuulizwa kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Digoksini, inayotokana na jamii ya mmea huo, bado hutolewa kupunguza mwendo wa moyo, kwa kidonge cha robo miligramu au pungufu. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana hivyo. Afrika Mashariki ina jamaa zake. Msunguti, au msungu, ndio uliotiwa kwenye mishale ya wawindaji wa Kikamba na Kigiriama, na kemikali yake, wabaini, ina jina linalotokana na Kisomali. Kwenye safari ya Livingstone ya Zambezi, daktari John Kirk, yuleyule aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja na kumbana Sultani Barghash mwaka 1873 afunge soko la watumwa, alipiga mswaki uliokuwa umegusana na sumu ya mishale. Akahisi uchungu mdomoni, na alipojipima, mapigo yake yalikuwa yamepungua. Mmea ule ukaitwa kitaalamu Strophanthus kombe, kwa jina la sumu yenyewe huko Zambezi. Madaktari wa Ulaya waliitumia dawa iliyotolewa humo kwa miongo mingi, wakiipima kwa sehemu za miligramu. Sufuria ya mizizi iliyochemshwa haina kipimo hicho: mti wa kivulini na wa juani, wa masika na wa kiangazi, hautoi nguvu sawa. Oleanda za bustanini ni za ukoo uleule wa sumu.

Gome la mti wa kwinini, uliooteshwa Amani katika Usambara na ambao bado hulimwa Kivu, lina historia kama hiyo. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwonyesha daktari Karel Wenckebach kwamba gramu moja ya kwinini iliurudisha moyo wake uliokuwa ukitetemeka. Kutoka hapo ikapatikana kwinidini, dawa ya kwanza ya kisasa ya kurekebisha mapigo, ambayo baadaye ilionekana kuweza kuzusha mpigo wa kuua. Mzizi mtamu wa likorisi, unaowekwa kwenye chai na dawa za kikohozi, nao ukitumiwa kila siku kwa wingi huiondoa potasiamu mwilini, na kuleta tatizo lilelile.

Anayetumia wafarini kwa sababu ya mtetemo au vali iliyoharibika ana hesabu yake mwenyewe. Mboga za majani zina vitamini K inayoipinga dawa hiyo; si lazima aziache, bali ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Vidonge vya kitunguu saumu humwelekeza kwenye kutokwa damu, na kila mzizi anaoongeza inafaa kliniki iujue. Vali hizo, kwa sehemu kubwa, ziliharibika utotoni baada ya mafindofindo yasiyotibiwa, na kijana wa miaka 25 mwenye mapigo yasiyo na mpango kwa sababu hiyo hakai na ugonjwa wa mapigo tu: damu hugandia ndani ya chumba kinachotetemeka, na bonge likichomoka humpa kiharusi. Miezi ya kujaribu majani ndiyo miezi ambayo bonge hujengeka.

Dalili zinazoitoa kesi mikononi mwa tiba za nyumbani zinajulikana: kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mbio zinazoanza katikati ya mazoezi, ndugu aliyefariki ghafla angali kijana, mapigo yanayozidi 120 mtu akiwa amepumzika bila homa, na mjamzito anayevimba miguu na kushindwa kulala chali. Nje ya hizo, ugumu mkubwa ni kwamba kipimo cha umeme wa moyo hunasa tu sekunde zile mgonjwa alipolala juu ya kitanda, na kwa kawaida mbio zimekwisha alipokuwa kwenye foleni. Kinachofidia ni kuandika: saa zilipoanza, zilipokoma, alichokula na kunywa kabla, idadi ya mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30 mara mbili. Na wakati wa shambulio lenyewe, agonge meza kwa kidole kwa mwendo uleule anaousikia kifuani huku ndugu akirekodi kwa simu. Daktari atakayeisikia sauti hiyo atajua kama mapigo yalikuwa na mpango, kama yaliruka, na kama yalikatika ghafla.